Kili Nne za Mtoto Mmoja

Tuliacha viatu mlangoni kama sheria inavyotaka. Inspekta Lugano alikuwa na soksi iliyotoboka kwenye kidole gumba, kama kila Jumatatu, na mimi nikamwambia ni aibu polisi mzima kushindwa na sindano. Akanijibu kwamba sindano zote serikali imenipa mimi, yeye anasubiri zamu yake. Tukacheka, tukaingia ukumbini.

Wilaya ya Itengulo ilikuwa na wanne tuliokuwa na ruhusa ya kukanyaga sakafu ile. Lugano aliwakilisha polisi. Nesi Bupe alitoka zahanati na Mwalimu Asajile alitoka idara ya elimu. Mimi, Subilaga, nilitoka ustawi wa jamii, na kwa miaka tisa nilikuwa mshonaji, maana yake ndiye niliyeshika ufunguo mdogo wa shaba tunaouita sindano. Bila mkono wangu hakuna kinachoungana.

Sakafu ni nyeusi na pana kama uwanja wa mpira wa kikapu. Juu yake zimelala kili, mistari ya mwanga iliyosukwa, kila mtoto na ukili wake, kila ofisi na rangi yake. Nyeupe ni za zahanati, njano za shule, buluu za polisi, kijani za kwetu. Siku za mwanzo nilikuwa nikiota rangi hizo mpaka mume wangu akalalamika.

Waliobuni Mkeka, ndiyo sakafu hii na mashine yake, walikuwa waoga, na mimi nawapenda kwa uoga wao. Walijua kwamba mtoto anaumia kwa sababu nesi anajua robo, mwalimu anajua robo, polisi robo, na robo hizo hazikutani mpaka siku ya mazishi. Walijua pia kwamba ukizimwaga siri zote mezani, kesho yake kuna mtu atazitumia kumtafuta mke aliyemkimbia. Kwa hiyo Mkeka hausomi maneno. Unaona vivuli tu: tarehe, umbali, muda, uzito wa jambo. Kila ofisi inabaki na kufuli lake, na hata mimi mshonaji naruhusiwa kufungua ukili wa ofisi yangu peke yake. Vivuli vikifuatana kupita kiasi cha bahati, Mkeka unazisogeza kili zikae jirani, kisha unasubiri binadamu aamue.

Asubuhi ile ulisogeza nne.

Bupe ndiye aliyeona kwanza. Ukili mweupe ulitoka pembeni, karibu na dirisha, ukaja taratibu kupita juu ya mamia ya nyingine bila kuzigusa. Wa njano ukatoka upande wa pili. Wa buluu ulikuwa mfupi, wa zamani, karibu umezimika, nao ukaamka. Na wa kijani ukapita katikati ya miguu yangu. Zilipokutana zikalala ubavu kwa ubavu, na pale ukili mmoja ulipokuwa na pengo mwingine ulikuwa na mwanga, mwanzo hadi mwisho, bila nafasi ya kupitisha wembe. Nimeona kili mbili zikiungana mara nyingi, na tatu mara moja. Nne sikuwahi kuona, na sikudhani nitaona.

"Watoto wanne," alisema Mwalimu Asajile, akichuchumaa kusoma majina kwenye ncha. "Neema Sanga wa kwangu. Ipyana wa zahanati. Gwantwa wa polisi. Huyu wa kwenu ni Tumaini."

"Si wanne, Mwalimu," nikasema.

Kwetu mtoto kuwa na majina matatu si ajabu. Kuna la bibi, kuna la ubatizo, kuna la shule lililoandikwa na mwalimu alivyosikia mwenyewe. Mimi ninayo matatu na yote naitikia. Ndiyo maana wabunifu walikataa kabisa kuunganisha kwa majina, wakasema tutaunganisha kwa siku. Na siku zilikuwa wazi pale chini. Neema asipokuwepo shuleni, Ipyana yuko zahanati. Wiki ambayo polisi wa bondeni waliitwa kwa ajili ya Gwantwa ndiyo wiki Tumaini alipoingia kwenye daftari letu. Miaka mitatu, zaidi ya siku elfu moja, na watoto hawa wanne hawakuwahi hata mara moja kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Mtu alikuwa amemgawa mtoto wake kwa uangalifu mkubwa, na kitu kisichojua hata jina lake kilikuwa kimemkusanya.

Lugano, ambaye hatulii hata kanisani, alichuchumaa kuzihesabu upya.

Ukutani saa ikaanza kuhesabu. Tulikuwa na mpaka saa kumi jioni. Nikishona, mafaili yote manne yanafunguka kwetu sote, ushahidi unakwenda mahakama ya watoto, na amri ya ulinzi inatoka kesho yake saa tatu asubuhi. Nisiposhona, Mkeka unazikata kili zile na hauziunganishi tena maisha yote ya mtoto. Hiyo nayo ni kinga waliyoiweka waoga wetu, ili serikali isikae ikimnyemelea mtu.

Lakini kulikuwa na sharti la ukoo. Sekunde ile ile ninaposhona, kila ndugu wa mtoto, wa baba na wa mama, anapelekewa taarifa kwamba mtoto wenu yuko mahali fulani na anahitaji watu wake. Sharti hili halikutoka kwa wabunifu. Lilitoka kwa wabunge wa huku kwetu, waliokuwa wameona watoto wakichukuliwa na ofisi na kulelewa na wageni bila hata bibi kuambiwa. Wakasema mtoto ni wa ukoo na ukoo lazima uitwe. Nilikuwa mwanafunzi siku lilipopitishwa, nikasimama mbele ya skrini nikapiga makofi.

"Kila mtu asome wake," nikasema.

Tukachuchumaa kila mmoja kwenye ncha yake. Wangu ulikuwa na barua moja tu. Naomba kuhamishiwa sehemu ambayo mume wangu hana ndugu hata mmoja. Nina mtoto wa miaka minane. Nisipohama ataniulia huyu mtoto. Chini ya barua kulikuwa na uamuzi: ushahidi hautoshi, faili lifungwe. Na chini ya uamuzi kulikuwa na sahihi yangu.

Niliona aibu. Huzuni ilikuja baadaye, ila kwanza ilikuwa aibu tupu, ya masikio kuwaka moto.

Bupe alisimama, macho mekundu. Sheria inatukataza kusemezana yaliyomo kabla ya kushona, na Bupe ni mtu wa sheria. Alisema maneno mawili tu: "Usishone, dada."

"Shona," akasema Lugano. "Shona sasa hivi."

Asajile alitutazama kwa zamu. "Mimi wa kwangu unasema mtoto hasikii vizuri," akasema, kisha akakumbuka kiapo na kujiziba mdomo.

*

Mimi na Bupe tulipanda kule juu kwenye mashamba ya chai. Nesi anaruhusiwa kumtembelea mgonjwa wake na mshonaji anaruhusiwa kumsindikiza nesi, kwa hiyo hatukuvunja chochote, ingawa Bupe alitembea mbele haraka kama mtu anayetaka kufika kabla yangu.

Mama wa mtoto tulimkuta nje ya jiko akimenya viazi. Mwanamke mrefu, mkavu, wa kama miaka thelathini na tano. Anaitwa Anyambilile. Alipomwona Bupe alitabasamu, na aliponiona mimi na nembo ya Mkeka kifuani, kisu kikasimama.

"Karibuni," alisema. "Nani kawaambia?"

"Hakuna aliyesema, mama," nikamjibu. "Siku zenyewe zimesema."

Nikamweleza bila kuzunguka. Nilimweleza kuhusu kili nne, saa kumi, na amri ya kesho. Nilimweleza pia kwamba baba wa mtoto, Angolwisye, atapata taarifa pamoja na ukoo wake wote kule bondeni kwenye mashamba ya mpunga na kakao, na kwamba kutoka bondeni hadi hapa kwa gari la waya, lile linaloning'inia hewani, ni dakika arobaini. Kati ya taarifa na amri kutakuwa na saa kumi na saba.

Alisikiliza huku ganda la kiazi likining'inia kwenye kisu.

"Miaka mitatu nawapa kila mtu kipande," akasema. "Zahanati kipande, shule kipande. Nilijua hamuongei. Kutoongea kwenu ndiyo lilikuwa kufuli langu. Leo mnakuja kunipongeza kwamba mmelifungua?"

"Hatujalifungua bado."

"Nesi, wewe nilikuomba."

"Na mimi nimemwambia asishone," alisema Bupe. Kisha akaketi kwenye jiwe, sauti ikashuka. "Lakini mkono ule, Mama Ipyana. Mfupa umeunga ukiwa umepinda, mara mbili. Daktari wa mkoa hawezi kuupasua bila historia yake yote, na akishavunja ungo hautanyooka tena. Nimekuwa nikikwambia subiri, na kusubiri kwenyewe kumekwisha."

Nikaona nisipolisema wakati ule sitalisema tena. "Kuna jambo jingine. Barua yako ya miaka mitatu iliyopita. Aliyeandika kwamba ushahidi hautoshi ni mimi."

Hakuwa na hasira niliyoitarajia, na hilo liliniuma zaidi.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Una mwandiko mzuri."

Mtoto alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na ndoo ya maji mkono wa kushoto. Ana miaka kumi na moja, shingo ndefu ya mama yake, na mkono wa kulia ameukunja kifuani. Alitusalimia shikamoo kwa zamu, mkubwa kwanza. Sijui alisimama pale tangu lini, ila alikuwa amesikia ya kutosha.

"Mwalimu anadhani mimi kiziwi," alisema. "Nasikia. Ila akiita Neema inabidi nikumbuke kwanza kama leo ndiyo mimi. Nikichelewa anaita tena kwa sauti, darasa linacheka." Akaweka ndoo chini. "Hao wanne mliowaona, na mimi naweza kuwaona?"

Mama yake alifuta kisu kwenye khanga, pande zote mbili, polepole.

"Tunakwenda kuona," akasema. "Kuona tu."

*

Hakuna mtoto aliyewahi kukanyaga sakafu ile. Sheria haikatazi, ila hakuna aliyewaza. Lugano na Asajile walikuwa wametusubiri, na walipomwona amevua kandambili zake mlangoni walirudi nyuma hadi ukutani bila kuambiwa.

Aliingia hatua moja. Mkeka mzima, kili zaidi ya elfu thelathini, ukapunguza mwanga. Zake nne zikaongeza, na pale alipokuwa amesimama zikamjia miguuni.

Sitajidai kueleza hili kitaalamu. Mashine inapima uzito, mwendo na urefu wa hatua, na zahanati ilikuwa na vipimo hivyo, basi ikamtambua. Wataalamu wa makao makuu waliniambia hivyo baadaye na naamini ni kweli. Mimi nilichokiona ni mtoto akisimama na maisha yake yote yakimfuata mpaka kwenye vidole, na nikajikuta nimeweka mkono kichwani kama mtu aliyepokea habari.

Akaanza kutembea juu yake. Alikwenda nyuma, kuelekea miaka ya zamani. Penye fundo kubwa jeupe alisimama. "Hapa ni mkono," akasema. Penye mwanga wa njano mfululizo alitabasamu. "Hapa nilikuwa wa pili darasani." Mwisho kabisa, kwenye buluu iliyofifia, aliiruka bila kuikanyaga. Aligeuka, akautazama urefu wote kutoka kule alikotoka, na mdomo ukabaki wazi.

"Mama," akaita. "Mimi ni mrefu hivi?"

Anyambilile alikuwa bado mlangoni. "Sikujua inang'aa," alisema. "Nilidhani nimeificha gizani."

"Mama, nimechoka kuwa wote hawa. Sikumbuki tena nani anajua nini."

"Na baba yako akija?"

"Nitakuwa hapo mlangoni, mama," alisema Lugano.

"Wewe mmoja. Wao ni arobaini na moja, nimewahesabu. Wote nimekula nao." Akanigeukia. "Wewe mwenye mwandiko. Akija itakuwaje?"

Ningeweza kumpa maneno ya kitabu cha mafunzo. Nina kurasa nzima za maneno hayo. "Sijui," nikamwambia. "Ninachojua ni kwamba sisi wanne hatutoki humu mpaka amri itoke kesho. Baada ya hapo mkono utatibiwa. Zaidi ya hayo sijui."

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na mbili. Nilimwomba aniambie ndiyo au hapana, na naandika hili kwa sababu wengine wamenilaumu kwamba nilimtwisha mzigo wangu, nao wana haki. Alikataa kuupokea.

"Usiniulize mimi," alisema. "Nimeamua peke yangu miaka mitatu. Leo sitaki."

Kwa hiyo uamuzi ukabaki kwangu, kama ulivyokuwa mara ya kwanza. Nilimtazama mtoto, naye akaitikia kwa kichwa. Mtoto wa miaka kumi na moja hawezi kubeba ridhaa ya namna hiyo, najua. Nikapiga magoti nikachomeka sindano.

Kili nne zikawa moja. Rangi ziliingiana hadi ukabaki mwanga mmoja usio na jina la rangi, na juu yake maneno yakapanda, yote, ya ofisi zote, tukayasoma kwa mara ya kwanza wote pamoja. Asajile aliyasoma kwa sauti bila kujua anasoma kwa sauti. Alipofika mahali pa masikio aliacha, akamwendea mtoto, akapiga goti. "Nisamehe sana, mwanangu." Mtoto alimtazama bila kujua la kufanya na mwalimu aliyepiga goti.

Ukutani, upande wa baba, yakatokea majina arobaini na moja, ya kijivu. Mwenye jina akisoma taarifa, jina lake linageuka jeupe. Moja. Mawili. La tano lilikuwa Angolwisye, na kando yake neno moja: Nakuja.

Anyambilile alimvuta mtoto nyuma yake. Lugano akaenda mlangoni. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, nimeona kwamba nimefanya tena, kwamba kwa mkono ule ule nimemkabidhi mtoto huyu kwa baba yake mara ya pili.

Kuna haki moja kwenye sharti la ukoo ambayo watu hawaitumii. Ndugu aliyeitwa anaruhusiwa kuongeza ukili wake, kusema anachokijua. Kwa miaka tisa nimeona labda kumi na mbili, nyingi za kujitetea. Sasa ukatokea mmoja ukingoni mwa sakafu, wa kahawia, mwembamba. Ulitoka kwa binamu wa Angolwisye, na maneno yake yakasomeka: Niliona alama shingoni mwa mama wa mtoto siku ya sherehe ya mavuno, nikanyamaza. Ukaja mwingine, wa babu yake mzaa baba. Nilisikia. Nikaongeza sauti ya redio. Kisha zikaja mbili pamoja, kisha sita. Nilimpa Angolwisye panga la kuni akanirudishia likiwa na nywele. Mkewe aliniomba nimfiche nikamwambia arudi kwa mumewe. Nilidhani nimeona peke yangu. Nilidhani nimeona peke yangu. Hayo ya mwisho yaliandikwa na watu saba tofauti.

Zilijaa kutoka kuta zote nne, kahawia juu ya kahawia, zikaja kulala kando ya ule mwanga wake, kila mmoja mahali pa siku yake. Thelathini na tatu. Ulikuwa ukili wa mtoto mmoja, na upana wake sasa ulifika nusu ya ukumbi. Sijawahi kuona kitu kikubwa hivyo, wala kilichonitia hasira hivyo. Bupe alikuwa akilia waziwazi. Walikuwa wanajua. Kila mmoja alikuwa na robo yake kama sisi.

"Walikuwa wananiona," Anyambilile alisema. "Kumbe wote walikuwa wananiona."

Ukili wa mwisho ulikuja na sauti badala ya maandishi, sauti nzito ya mwanamke anayehema kama aliyepanda ngazi au aliyesukuma kitu kizito.

"Mimi ni Tupokigwe, shangazi wa mtoto. Angolwisye yuko ndani kwake. Alikuwa anavaa viatu. Tumekaa mlangoni hapa, mimi na kaka zangu wawili na wake zao, na wengine wanakuja. Gari la waya hapandi leo. Mwambieni polisi aje kumchukua, sisi hatuondoki."

Nyuma yake mlango ulikuwa ukigongwa kutoka ndani, na mtu mwingine alisema kwa utulivu, kaa chini kaka.

Lugano alikuwa tayari anaongea na wenzake wa bondeni. Mtoto alitoka nyuma ya mama yake akasimama kuisikiliza ile sauti, kwa sababu aliifahamu. Nilimwuliza Anyambilile kama ana la kumjibu wifi yake, maana njia ilikuwa bado wazi.

Alitazama zile kili thelathini na tatu, mmoja baada ya mwingine, kama anayezihesabu kwa sura.

"Mwambie namshukuru," alisema. "Halafu mwulize alikuwa wapi."

Nikaandika yote mawili, kwa mpangilio huo huo, nikatuma.